Magemu ya kuchezesha mwili kwa watoto wenye mtindio wa ubongo: mwongozo kamili wa mazoezi tiba

Mashine ya gemu huhesabu kile inachokiona tu. Mtoto akicheza tenisi ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo ambayo rimoti yake huhisi mwendo wa mkono, rimoti hiyo haijui kama amenyanyua bega na kunyoosha kiwiko, au ameketi amejikunja na kutikisa kifundo cha mkono. Pointi zinapanda vilevile. Hapo ndipo magemu haya yanapofaa kama mazoezi tiba au yanapogeuka kuwa mchezo wa kupitisha wakati. Kazi yako, uwe mzazi, mlezi au mtaalamu wa fiziotherapia, ni kuhakikisha kwamba pointi haziji ila kwa mwendo ule mtoto anaouhitaji.

Mwongozo huu unamhusu hasa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, wa miaka 5 au zaidi, anayeelewa kwamba "nikifanya hivi, kile kinatokea". Sehemu kubwa yake inafaa pia kwa mtoto aliyechelewa kupata uratibu wa viungo. Haifai hivi hivi kwa mtoto mwenye ugonjwa wa misuli unaozidi kadiri siku zinavyokwenda, kama Duchenne: misuli hiyo huumia ikichoshwa, kwa hiyo kanuni ya kuongeza ugumu kila wiki isitumike kwake bila daktari wake.

Njia hii si ngeni. Wii ilitoka mwishoni mwa 2006, na mwaka 2008 Judith Deutsch na wenzake huko Marekani walichapisha habari za kijana wa miaka 13 mwenye mtindio wa ubongo aliyefanya vipindi 11 kwa magemu ya Wii Sports. Tafiti nyingi zimefuata. Faida inayojitokeza mara nyingi zaidi ni kwenye kumudu mizani ya mwili, hasa magemu yanapoongezwa juu ya mazoezi ya kawaida. Hayachukui nafasi ya fiziotherapia, wala ya splinti za kushikilia viungo, wala ya kumkalisha mtoto vizuri mchana kutwa.

Kabla ya kuwasha chochote

Kifafa kwanza. Takribani mtoto mmoja kati ya wanne wenye mtindio wa ubongo ana kifafa. Si kila mwenye kifafa husumbuliwa na mwanga unaomulika, lakini muulize daktari wake, na kwa vyovyote vile washa taa ya chumba, mkalishe mtoto mita 2 au zaidi kutoka kwenye TV, na epuka gemu lenye miali inayopigapiga. Kama asubuhi hiyo hakunywa dawa zake, au amelala vibaya, au ana homa, siku hiyo hakuna gemu. Akianguka kifafa: zima TV, ondoa vitu vigumu karibu yake, mlaze ubavu, tazama saa. Usimtie kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika 5 bila kutulia, au akipata kingine kabla hajazinduka, mpeleke hospitali.

Nyonga ni ya pili, na husahaulika zaidi. Takribani mtoto mmoja kati ya watatu wenye mtindio wa ubongo ana nyonga inayosogea kutoka mahali pake, na kadiri mtoto anavyotembea kwa shida zaidi ndivyo hatari inavyokua. Mwanzoni mara nyingi haiumi. Mama huanza kugundua kwamba paja moja linakataa kutanuka anapombadilisha nguo, au mguu mmoja unaonekana mfupi. Ukiona hivyo, picha ya eksirei ije kabla ya kuruka, kuchuchumaa au kusimama kwenye ubao wa gemu.

Mengine ya kuuliza: Amefanyiwa upasuaji, amechomwa sindano ya botulinum ya kulegeza misuli au amefungwa plasta karibuni? Subiri ruhusa ya aliyemtibu. Anaona vizuri? Watoto wengi hawa wana macho mazima lakini ubongo unashindwa kuchambua picha yenye vitu vingi. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kitu kimoja kikubwa juu ya rangi moja tulivu, na gemu lenye umati wa watazamaji na bendera kumi humchosha ndani ya dakika mbili. Watu watasema ni mvivu. Hapana, haoni cha kufuata.

Miwani ya VR ya kuvaa usoni tuiache kando kabisa. Mtoto asiyemudu mizani hapaswi kufungwa macho asione sakafu wala uso wako, na ukubwa wa miwani hiyo si wa kichwa cha mtoto mdogo.

Hatua ya 1: Chagua mwendo mmoja, gemu baadaye

Anza na maisha ya nyumbani. Nini kinamshinda ambacho yeye mwenyewe angependa kukiweza? Andika lengo kwa sentensi moja yenye namba ndani yake. Kwa mfano: "Avuke kizingiti cha mlango wa jikoni mara 4 kati ya 5 bila kushika ukuta, ndani ya wiki 6."

Sasa livunje. Ili avuke kizingiti, lazima aegemeze uzito kwenye mguu dhaifu kwa sekunde mbili hivi huku mguu mwingine ukinyanyuka. Huo ndio mwendo wa kufanyia kazi: kuhamishia uzito kwenye mguu dhaifu. Gemu lolote lisilolipa pointi kwa mwendo huo si la mtoto huyu, hata kama analipenda. Mpe alicheze siku ya mapumziko.

Lengo la mkono lifanye hivyohivyo. "Ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili bila kumwaga" linadai mkono dhaifu ufunguke na kufika katikati ya kifua wakati mkono mwenzake nao upo pale. Basi tafuta gemu linalodai mikono yote miwili.

Hatua ya 2: Jua mtoto atacheza katika mkao gani

Wataalamu duniani kote hutumia ngazi tano za GMFCS, mpangilio wa uwezo wa mtoto wa kutembea na kujimudu, zilizotungwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997. Ngazi ya I mtoto anatembea na kukimbia, ila uratibu una kasoro. Ya II anatembea lakini kupanda ngazi za nyumba na ardhi ya mabonde humpa shida. Ya III anatembea kwa kushika kitembezi au magongo. Ya IV huhitaji msaada hata kukaa na huenda kwa kiti mwendo. Ya V hata kichwa na kiwiliwili ni vigumu kuvishikilia.

Ngazi ya I na II husimama bila kushika, mtu mzima akiwa hatua moja pembeni, upande wa udhaifu. Ngazi ya III husimama akiwa ameshika kitu kisichoyumba: meza nzito au kitembezi kilichofungwa breki, kimoja mbele au viwili ubavuni. Ngazi ya IV hucheza ameketi, nyayo zikigusa sakafu au kibao, nyonga na magoti yakiwa nyuzi 90, mkanda ukipita mbele ya nyonga na si tumboni. Kwa ngazi ya V inawezekana, lakini lengo linabadilika: kuinua kichwa na kutazama, au kugusa kwa kiganja. Hapo kamera ya kompyuta hushinda mashine zote nyingine, kama tutakavyoona.

Splinti za miguu zivaliwe kama ndivyo anavyotembea kila siku. Akicheza peku huku anatembea na splinti, anajifunza mizani ya mwili mwingine.

Hatua ya 3: Vifaa, na jinsi vinavyoungua

*Wii* imeacha kutengenezwa, kwa hiyo utakayoipata ni ya mtumba. Kabla ya kulipa, geuza adapta yake usome kibandiko. Ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, ya Ulaya 230. Soketi zetu Tanzania na Kenya zina volti 230 hadi 240. Adapta ya Marekani ukiichomeka hapa kwa kibadilisha plagi tu itaungua hapohapo, maana kile kidude hubadilisha umbo la plagi na si volti. Dawa yake si ngumu: upande wa kutoa, adapta zote za Wii hutoa volti 12 na ampia 3.7, kwa hiyo adapta ya Ulaya huiwasha mashine ya Marekani bila tatizo.

Diski nazo zina mipaka ya kanda. Diski ya Ulaya haifunguki kwenye Wii ya Japani. Nunua diski na mashine pamoja, ukiziona zikicheza dukani. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa mwaka 2019, usitegemee kupakua gemu jipya huko. Na kwa kuwa Wii hutumia waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, TV mpya isiyo na matundu hayo itahitaji kigeuzi cha HDMI.

Ile fimbo nyeusi ya kuweka juu au chini ya TV haipokei chochote. Inatoa mwanga usioonekana, na rimoti ndiyo inayouona. Ikikatika waya, utasikia watu wakisema weka mishumaa miwili. Ni kweli inafanya kazi, lakini usiwashe moto mbele ya mtoto anayeyumba.

*Wii Balance Board*, yaani ubao wa kusimamia, una vipima uzito vinne, kimoja kila kona. Kuuunganisha: fungua mlango wa betri chini yake, fungua kile kimlango kidogo mbele ya mashine, bonyeza vitufe vyekundu viwili kwa karibu wakati mmoja. Usikanyage ubao unapowaka. Unajipima sifuri wakati huo, na ukikanyaga mapema utapotosha kipindi kizima. Uweke kwenye sakafu ngumu. Juu ya zulia nene miguu yake inazama na vipimo vinadanganya.

Ubao wa mtumba ujaribu hivi: simama katikati, tazama alama ya mizani kwenye TV inaelekea upande gani. Kisha shuka, geuka, simama tena ukiwa umeupa mgongo upande ulioutazama mwanzo. Kama wewe ndiye unayeegemea kulia, alama itahamia upande wa pili wa ubao. Kama imebaki palepale, kipima kimoja kimeharibika. Usiununue, maana utamfundisha mtoto kusimama upande.

*Kinect*, kamera ya mashine ya gemu ya Xbox, huona mwili mzima bila kushika kitu, na kwa mtoto asiyeweza kushika rimoti ni neema. Microsoft waliacha kuitengeneza mwaka 2017. Iweke kati ya sentimita 60 na 180 kutoka sakafuni, mtoto akiwa mita 1.8 hivi mbele yake, mita 2.4 kama wanacheza wawili. Adui zake ni jua la dirishani, nguo pana na mtu mzima aliyemshika mtoto: inaona viungo vya watu wawili na kuvichanganya. Sketi ndefu au kanga iliyofungwa kiunoni huificha miguu. Mvalishe suruali au kaptula ya kubana kidogo, funga pazia, na kama ni lazima umshike, keti sakafuni nyuma yake na umshike kiunoni kwa ncha za vidole.

*Kompyuta yenye kamera* ni ya bei nafuu kuliko zote, kwa kuwa shule au kliniki nyingi tayari wanayo. Nayo ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu gemu unalitengeneza mwenyewe kwa mwendo wa mtoto wako.

Hatua ya 4: Tengeneza gemu lako kwa Scratch

Scratch ni programu ya bure ya kutengenezea magemu kwa kupanga matofali ya amri, inafanya kazi hata bila intaneti ukishaipakua, na lugha ya Kiswahili ipo kwenye orodha yake. Utahitaji dakika 20 mara ya kwanza.

1. Fungua mradi mpya. Bonyeza kitufe cha nyongeza kilicho kona ya chini kushoto, chagua ile yenye alama ya kamera ya kutambua mwendo. Kamera itawaka na mtoto atajiona kwenye jukwaa kama kwenye kioo, mkono wake wa kulia ukiwa upande wa kulia.
2. Weka uwazi wa video kuwa 20 badala ya 50, ili ajione vizuri.
3. Futa paka anayetokea mwanzoni, leta puto. Likuze hadi asilimia 150.
4. Tengeneza kigezo kiitwacho "pointi".
5. Panga matofali haya: bendera ya kijani ikibonyezwa, pointi ziwe 0. Rudia daima: kama mwendo wa video juu ya puto unazidi 30, piga sauti ya kupasuka, ongeza pointi 1, ficha puto, subiri sekunde 2, lipeleke mahali papya, lionyeshe.

Yote yapo kwenye "mahali papya". Jukwaa la Scratch lina upana kutoka -240 hadi 240 na urefu kutoka -180 hadi 180. Ukitaka mkono wa kulia uinuke juu ya bega, chagua namba ya bahati kati ya 100 na 180 kwa upana, na kati ya 40 na 120 kwa urefu. Puto halitatokea kwingine kokote, na mkono wa kushoto hautakuwa na kazi. Ukitaka avuke mstari wa katikati ya mwili, liweke upande wa pili kwa namba hasi, huku mkono mzuri ukiwa umeshika ukingo wa meza.

Namba 30 ndiyo kiwango cha mwendo ambacho lazima kipitwe ili puto lipasuke. Mtoto ambaye mikono yake hucheza yenyewe bila kutaka atapasua puto kwa bahati. Mpandishie hadi 50. Mtoto mwenye mwendo mdogo na wa polepole mshushie hadi 15. Zile sekunde 2 zina sababu: zikikosekana, mkono unaporudi hupasua puto la pili, na mtoto anajifunza kupigapiga hewani.

Tatizo la njia hii ni kwamba kamera huhesabu mwendo wowote. Pazia linalopeperuka, feni, mdogo wake anayepita nyuma, vyote vinaleta pointi. Ukuta mtupu nyuma ya mtoto ndio mandhari bora. Na kama anainamisha kiwiliwili ili kichwa kiguse puto, sogeza kiti ili kichwa kiwe mbali na eneo la puto.

Hatua ya 5: Kulinganisha mwendo na gemu

Kwa kuhamisha uzito kushoto na kulia, kwenye Wii Fit, diski ya magemu ya ubao, tumia lile la pengwini anayeteleza barafuni au la kupiga mpira kichwa. La pengwini ni rahisi kuelewa na halina viatu vinavyorushwa usoni kumshtua mtoto kama hilo la mpira. Kwa kuegemea pande zote nne lipo la meza ya kuinamisha vijipira viingie tundu. Liache hadi wiki ya tatu au ya nne. Kwa kunyoosha magoti na nyonga kwa nguvu, la kuruka na skii, lakini si kwa mtoto anayesimama kwa vidole vya miguu: litamzidishia. Kile kipimo cha mwili ambacho Wii Fit huanza nacho kiruke. Kinakokotoa uzito dhidi ya urefu na kumtangazia mtoto kama ni mnene au mwembamba, jambo lisilo na maana kwa mtoto mwenye viungo vilivyokunjamana, na linaloumiza.

Kwa mikono, tenisi ya Wii Sports ni ya kuanzia, kwa sababu mchezaji wa kwenye TV hukimbia mwenyewe na hakuna kitufe cha kubonyeza wakati wa kupiga. Boulingi inaonekana rahisi lakini inadai kubana kitufe cha chini na kukiachia wakati hasa wa kurusha. Mtoto ambaye vidole vikibana havifunguki atakwama hapo na kulia. Ndondi hutumia mikono yote miwili na huinua mapigo ya moyo kuliko mengine. Rimoti isiyoshikika ifunge kiganjani kwa bendeji laini ya kuvutika, mizunguko miwili, si ya kubana: ukibonyeza ukucha lazima rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kamba ya kifundo ivaliwe daima.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Siku tatu kwa wiki, kwa wiki sita, ukiacha siku moja katikati. Wiki ya kwanza cheza raundi mbili tu za dakika 3. Ongeza taratibu hadi raundi tatu au nne za dakika 5, na dakika 2 za kupumzika kati yake.

Dakika 5 za mwanzo ni za kunyoosha misuli polepole na kumweka sawa kwenye kiti au ubao. Mweleze kwa maneno machache mwili ufanye nini, si gemu linataka nini. "Kanyaga kisigino" ni bora kuliko "mpeleke pengwini kulia". Halafu nyamaza. Akielekezwa kila sekunde, anakusikiliza wewe na kuacha kuusikiliza mwili wake. Mwache apige mara kumi, kisha sema jambo moja.

Ugumu uwe ule unaomwezesha kufaulu mara 7 hivi kati ya 10. Akifaulu kila mara, hajifunzi. Akishindwa nusu, atakata tamaa au ataanza kudanganya. Bidii ipime kwa mazungumzo: aweze kusema sentensi nzima lakini asiweze kuimba.

Baada ya raundi ya mwisho, zima TV na fanyeni lengo lenyewe kwa dakika 5. Kama ni kizingiti, nendeni mlangoni avuke mara kumi. Kama ni kikombe, mpe kikombe chenye maji robo. Sehemu hii ndiyo watu huiruka, kwa sababu mtoto amechoka na bado anataka gemu. Usiiruke. Ubongo hauhamishi mwendo kutoka kwenye ubao hadi mlangoni peke yake; lazima uuonyeshe njia siku ileile.

Tazama mwili, usitazame TV

Simama mbele kidogo, pembeni, mahali unapoona uso na nyayo kwa pamoja. Mtoto akiwa kwenye ubao, tazama kisigino cha mguu dhaifu. Mwanzoni kiko chini. Gemu linapopamba moto, kinaanza kunyanyuka kidogo, ukaweza kupitisha kadi ya simu chini yake, kisha vidole vya miguu vinajikunja na kuwa vyeupe kwa kubana. Alama kwenye TV bado iko katikati, kwa sababu anaegemea kwa kupinda kiuno. Ubao umeridhika. Wewe usiridhike. Simamisha raundi, mkalishe, sugua unyayo, na mwanzie kiwango cha chini. Ikirudia, weka mkono wako juu ya nyonga ya upande huo umuonyeshe uzito uende wapi.

Kwenye magemu ya mkono, ulaghai wa kawaida ni huu: kiwiko kinabaki kimebanwa ubavuni na kifundo kinatikiswa. Weka kitambaa kilichokunjwa kati ya kiwiko na ubavu na sheria moja: kitambaa kidondoke kila anapopiga. Watoto huupenda mchezo huu ndani ya mchezo, na mdogo wake anaweza kupewa kazi ya kukiokota.

Msisimko wenyewe huzidisha kukakamaa. Mkono usiocheza unapanda juu na kukunja ngumi, miguu inapishana kama mkasi, mdomo unafunguka, pumzi inazuiwa. Kidogo ni kawaida. Kama mwili haujalegea baada ya dakika mbili za kupumzika, gemu ni gumu mno au la kelele mno. Punguza sauti kwanza, kabla ya kubadili lolote. Mara nyingi inatosha.

Achana na kipindi mara moja kama kuna maumivu ya nyonga au goti, kichwa kuuma, kichefuchefu, macho kukodoa pasipo kuitika, au akianguka. Kuumia kwa kurudiarudia nako kupo: mwaka 2007 jarida moja la tiba lilieleza mtu mzima aliyeamka na bega linalouma baada ya saa nyingi za tenisi ya Wii, na yeye misuli yake ilikuwa mizima.

Kuongeza ugumu

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Utaratibu unaofaa kwa mizani: kwanza aachie mkono mmoja kwenye meza, kisha wote, halafu nyayo zisogezwe karibu, halafu kiwango cha gemu kipande, mwisho ashike kitu mkononi huku akicheza. Kwa mkono: puto lisogezwe mbali kwa kipimo cha kiganja kimoja, kisha juu zaidi, kisha dogo zaidi, kisha lipotee upesi. Kasi iwe ya mwisho siku zote. Ukitanguliza kasi, mwendo mzuri uliojengwa wiki tatu unasambaratika kwa dakika moja.

Ndugu zake wakitaka kucheza naye, wakaribishe, ila kwa masharti ya haki: kaka acheze kwa mkono wa kushoto, au ameketi, au amesimama kwa mguu mmoja. Mtoto huyu ameshindwa mara nyingi vya kutosha uwanjani.

Hatua ya 7: Pima nje ya gemu

Pointi za gemu zitapanda kwa kila mtoto, kwa sababu kila mtoto hulizoea gemu. Pima vitu vitatu siku ya kwanza, wiki ya tatu na wiki ya sita, saa ileile ya siku, akiwa na viatu na splinti zilezile:

- Lengo lenyewe: mara ngapi kati ya 5.
- Kusimama kwa mguu dhaifu, kwa sekunde, au kwa anayecheza ameketi, umbali anaofikia kwa mkono mbele bila kuanguka, kwa sentimita. Jaribu mara tatu, andika ile ya katikati.
- Kwa mkono, hamisha vizibo vya soda kimoja kimoja kutoka bakuli moja hadi lingine kwa sekunde 60.

Mchukue video ya sekunde 30 kwa simu, kutoka mahali palepale, kila wiki mbili. Macho husahau, na video itamsaidia pia mtaalamu anayemwona mara moja kwa mwezi.

Wiki ya tatu ikifika na lengo halijasogea wakati pointi zimepanda, usiongeze muda wa kucheza. Rudi kwenye video utazame pointi zinatoka wapi. Mara nyingi utaona kiwiko kilichobanwa au kisigino kilichonyanyuka. Kama mwendo ni sahihi na bado lengo halisogei, basi kizuizi ni kingine: misuli imefupika, splinti imekuwa ndogo, nyonga inauma au dawa ya kifafa inamlaza. Hiyo ni ya kupeleka kliniki, na uende na ile video.

Na umeme ukikatika katikati ya raundi, msishuke kwenye ubao. Taja namba, moja hadi kumi, yeye aegemee kulia kwa namba shufwa na kushoto kwa witiri, hadi dakika zake zitimie.